Kiburma Kilichobaki Usingizini

Mawlamyine, 9 Novemba 2010

Mdogo wangu Nyein, kama kweli ni wewe,

Mimi ni Htwe Yi, dada yako. Naandika huku sijui kama namwandikia mtu au naandikia hewa. Wiki hii baharia mmoja wa mtaa wetu amerudi kutoka Indonesia, akaja mpaka mlangoni na viatu mkononi, akasema, "Dada, usinicheke, lakini nadhani nimemwona ndugu yako."

Alisema meli yao ilitia nanga Tual, na pale bandarini kuna mwanamume anayeuza mikate ya muhogo pamoja na mkewe. Watu wanamwita Om Nyong, yaani Mjomba Nyong. Aliposikia mabaharia wakiongea Kiburma alisimama na sinia lake hadi mikate ikapoa. Wakamuuliza, "Kaka, we mtu wa wapi?" Akafungua mdomo, akaufunga. Akaufungua tena, likatoka neno moja tu: Mawlamyine. Kisha akaondoka haraka kama mtu aliyeiba.

Nyein, ulituaga ukasema unakwenda upande wa Thailand kuvua kwa msimu mmoja. Ni miaka ishirini na moja sasa. Tulisikia kwamba boti yenu ilikuwa na nahodha mkatili, na kwamba wengine walirushwa majini. Majirani walimshauri Mama awalishe watawa kwa ajili ya roho yako. Aliwajibu, "Mtu hafanyiwi matanga kabla hajafa," akaendelea kupepeta mchele wake.

Mama yupo. Macho yake yameingia ukungu, lakini masikio ni yale yale. Anajua nani anapanda ngazi kabla hajafika ya tatu. Sijamwambia kitu. Naogopa kumpa ndoto halafu nimwamshe.

Nimempa baharia barua hii aje nayo. Nijibu hata kwa neno moja.

Dada yako,
Htwe Yi


Tual, 30 Januari 2011

Kwa Shangazi Htwe Yi,

Hunijui. Naitwa Ludia, mtoto wa pekee wa Nyong, ambaye wewe unamwita Nyein. Nimesema jina hilo kwa sauti jana na baba akageuka kabla hajajijua. Kwa hiyo ni yeye.

Nisamehe kwamba nakuandikia kwa Kiindonesia. Baba alishika barua yako akaizungusha, akasema herufi zenu anazikumbuka zilivyo duara, kama mapovu, lakini hazimwambii tena kitu. Baharia alimsomea. Wakati anasoma, baba aliitikia kwa kichwa kila mara, ila alipotaka kujibu, Kiburma hakikuja. Alikaa ameshika koo. Baharia akamwambia, "Polepole, Mjomba, kiko humo." Baba akacheka akasema kwa Kiindonesia, "Kiko, lakini kimelala."

Mama yangu, Mina, anasema ni kweli. Baba akijinyoosha mchana baada ya kula, huwa anaongea usingizini maneno ambayo sauti yake inapanda na kushuka, kama mtu anayeimba bila wimbo. Akiamka hajui alisema nini. Mimi nimekua nikidhani kila baba anayo lugha ya usingizini.

Alitoroka kwenye ile boti akajificha msituni, na babu yangu, mzee Rahayaan, alimkuta akila muhogo mbichi, akamleta nyumbani. Hakuwa na neno hata moja la kuwaambia. Nyumbani kwetu tunasema Kikei, ndicho cha mama. Kiindonesia ni cha shuleni, kanisani, ofisini na kwa yeyote anayeshuka melini. Kila mtu kajifunza, ndiyo maana hakuna anayekuona mjinga ukijifunza ukubwani. Baba akakishika hicho. Hakina kupanda wala kushuka. Ukitaka watoto wengi unasema tu mtoto mtoto, basi. Ila mpaka leo baba anaweka neno la kitendo mwishoni. "Nyong sokoni muhogo anauza." Vijana wa bandarini humtania: "Om Nyong, kitendo chako kimekuja na meli ya pili!" Naye huwajibu, "Subirini, mizigo mizito nyuma inakuja."

Mimi nasomea ualimu Ambon, nimekuja likizo. Baba anajenga nyumba ya matofali. Mwezi wa Agosti nikimaliza masomo, nyumba nayo itakuwa imeezekwa, na ameahidi kwamba tutakuwa pamoja sote chini ya paa moja, hakuna tena wa kuondoka.

Anamsalimu Bibi. Alitaka niandike mengi, akashindwa kuyasema. Akalia, nami nimeandika haya.

Ludia


Mawlamyine, 14 Machi 2011

Nyein, na mwanangu Ludia,

Barua yenu nilizunguka nayo mjini kama mtu anayetafuta tabibu, mpaka nikaelekezwa kwa mzee Po Thaung, aliyekuwa mpishi wa meli na kuishi Surabaya ujana wake. Alivaa miwani, akaisoma mara mbili kimoyomoyo, kisha akanisomea kwa Kiburma, mimi nimeshika nguzo ya baraza lake.

Alipofika kwenye Agosti, nilimwomba arudie. Akarudia: "Mwezi wa Agosti tutakuwa pamoja sote chini ya paa moja, hakuna tena wa kuondoka."

Paa hilo mimi nililisikia kuwa la Mama, basi sikuweza kunyamaza. Nilikimbia nyumbani na viatu vimepishana miguuni, nikamwambia Mama. Hakulia. Aliuliza, "Anakuja na mke?" Nikasema, "Anakuja na mke na binti." Akasema, "Basi chumba cha nyuma hakitoshi." Toka siku hiyo nyumba haina amani. Ametoa magunia yote ya mpunga. Amemwita fundi avunje ukuta wa mianzi. Ananiambia, "Paka chokaa," na mimi napaka, "Paka tena, nasikia brashi yako inaruka sehemu." Kila apitaye barabarani anaambiwa: "Mwanangu anakuja mvua zikikolea."

Jana nimeota mto wetu umejaa mpaka ngazini, na wewe unatembea juu ya maji umebeba sinia, hulowi. Nikakuita, ukanijibu kwa lugha nisiyoijua na nikaelewa kila neno.

Ludia, usiogope kuhusu lugha. Huku kwetu Kiburma ni cha mama, tunakinyonya, lakini majirani zetu Wamon nao walikikuta shuleni kama ninyi mlivyokikuta Kiindonesia, na wengine hawajakipenda hata leo. Tumezoea watu wenye ndimi mbili. Neno "sa" ukilikata ghafla ni kuanza, ukilivuta chini ni barua, ukilitupa juu ni kula. Ukikosea utakula barua, na tutacheka, basi.

Njooni. Chokaa inakauka.

Htwe Yi


Ambon, 2 Mei 2011

Shangazi,

Barua yako imenifikia hapa chuoni kwanza. Nilienda kwa mtawa mmoja wa kanisani aliyewahi kufundisha Yangon, akanitafsiria. Aliponiangalia mwishoni, nilijua kuna jambo baya limetokea, na limetoka kwenye kalamu yangu.

Kiindonesia kina "sisi" mbili. Ipo "kita": mimi, na hawa wangu, na wewe unayenisikiliza. Ipo "kami": mimi na hawa wangu, wewe ukiwa nje. Mimi niliandika "kami". Niliandika kwamba baba na mama na mimi tutakuwa pamoja, hapa Tual, na hakuna wa kuondoka. Nakisia mzee Po Thaung aliona tofauti, lakini mtawa ananiambia Kiburma chenu kina "sisi" moja, na akiitafsiri, wote mnaingia mlango huo huo.

Baba haji, Shangazi. Samahani, sijui namna tamu ya kuliandika hilo. Hana karatasi yoyote, hapa wala kwenu. Aliingia nchi hii kwa kuruka toka kwenye boti. Akitoka, nani ataapa kwamba alikuwa anaishi hapa? Ameishi kwa sababu mtaa mzima umekubali kutomuuliza. Mimi nimemwona akijificha nyuma ya pipa la maji kila askari mgeni akipita, mtu mzima na mvi zake. Ukinitaka nimsukume aende mpakani, sitaweza. Nina baba mmoja.

Lakini najua Bibi amevunja ukuta. Nimeshindwa kula leo.

Naomba hili. Kuna namba ya simu ya duka jirani na nyumbani kwetu Tual, nimeiandika nyuma ya bahasha. Mpigie baba siku ya Jumapili baada ya misa. Bibi amsikie. Labda sauti itatosha.

Ludia


Mawlamyine, 20 Juni 2011

Nyein,

Sijui nani atakusomea hii, na namwomba asome taratibu.

Nataka ujue upande wetu ulikuwaje, maana ulikuwa umeshika simu tu na hukuona. Mama alivaa sketi yake ya hariri, ile ya sikukuu. Alijipaka thanaka, ule unga wa gome la mti, mashavuni kama msichana. Nilimkalisha kwenye kigoda pale kibanda cha simu cha sokoni, na wauza samaki walinyamaza wenyewe. Nilipokupata nikamwekea simu sikioni. Nikasikia sauti yako ikisema, "Mama, hujambo? Mimi ni Nyong."

Mama akasema, "Nani?"

"Mimi Nyong. Mimi... nakumbuka wewe. Mimi nataka kuona wewe."

Akasikiliza. Unajua anavyosikiliza, kichwa upande. Halafu akasema, kwa adabu kabisa, "Bwana, umejifunza Kiburma wapi?"

Wewe ukanyamaza. Nilitamani kukunyang'anya ulimi nikusemee. Ukasema tena, "Mimi mtoto wako," maneno yote yamelala chini, sawasawa, kama samaki waliopangwa mezani. Mama akairudisha simu mikononi mwangu. "Mwambie huyo mtu asinichezee. Amemjua mwanangu mahali, pengine alimzika yeye. Mwambie namshukuru kama alimzika. Lakini asiniite mama."

Nyumbani nilimgombeza, Mungu anisamehe, nilimpandishia sauti mama yangu mwenyewe. Akaniambia, "Htwe Yi, mwanangu hajapata hata siku moja kuniambia 'mimi'. Alikuwa ananiambia 'mwana ana njaa', 'mwana amechelewa'. 'Mimi' ni ya kumwambia karani. Na sauti ya mwanangu ilikuwa na ngazi. Huyu anatembea kwenye sakafu."

Nikamwambia umeishi ugenini, lugha imekutoka. Akasema, "Lugha ya mama haitoki. Ingekuwa inatoka, mimi ningekuwa nani?"

Amemrudisha fundi ajenge ule ukuta. Tena juzi amenituma dukani kununua mchele na mafuta ya kuwalisha watawa, kwa ajili ya roho yako. Nilienda, nikaketi kwenye ngazi za hekalu mpaka jua likanichoma, nikarudi mikono mitupu. Nilimdanganya kwamba duka limefungwa. Sitaweza kudanganya hivyo kila wiki.

Mimi najua ni wewe. Ulivyonyamaza, nilikujua.

Dada yako


Tual, 25 Julai 2011

Dada,

Barua hii mwenyewe naandika. Baharia mkono amenishika. Herufi mbaya, najua.

Watawa bado wasile.

Ofisini nimeenda. Nyuma ya pipa sikujificha. Jina langu nikasema, Nyein. Boti nikasema, msitu nikasema, yote. Mina pembeni alisimama. Karani kijana sana, akasema, Baba, miaka yote hii kwa nini hukuja? Karatasi ya safari watanipa. Kurudi hawajaahidi.

Ludia hajui. Mtihani anafanya. Mina atamwambia.

Nakuja.

Nyein


Ambon, 19 Agosti 2011

Baba,

Nimemaliza masomo, nimefika nyumbani nikakuta paa jipya na wewe hupo chini yake. Mama alinipa chai kwanza ndipo akaniambia. Nilimwambia maneno mabaya na nimemwomba radhi, kisha nikapanda meli nikarudi huku chuoni kusubiri kupangiwa shule, maana nyumba ile sikuweza kuiangalia.

Nina hasira. Nataka uijue. Ungeniambia ningekuzuia, kwa hiyo ulifanya vizuri kutoniambia, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Mama anasema siku unaondoka hukulala mchana. Ulikaa kizingitini ukiogopa kwamba ukilala na kuongea, Kiburma chote kitakwisha kabla hujafika. Nimelicheka hilo peke yangu, nikalia.

Niandikie kwa Kiindonesia, kwa mkono wako. Weka vitendo popote utakapo.

Ludia


Mawlamyine, 3 Oktoba 2011

Mina wangu, na mwanangu Ludia,

Naandika mwenyewe, msinisahihishe; vitendo nimevirudisha mahali pake, kalamu haina haraka.

Nilifika mvua ikinyesha. Mji ni ule ule ila mdogo, kama nguo iliyofuliwa sana. Nilitembea kutoka stendi bila kuuliza mtu. Miguu yangu haikusahau kitu. Kumbe ni ulimi tu. Dada Htwe Yi alinishika mabega akanitikisa, kisha akanipeleka barazani. Mama yangu alikuwa ameketi anachambua majani ya chai. Nilipiga magoti, nikainama mara tatu mpaka paji likagusa mbao, kama tulivyofundishwa. Alisikia uzito wa mtu. Akauliza, "Ni nani?"

Dada akasema, "Ni Nyein, Mama."

Akasema, "Ni yule bwana wa simu." Halafu akanigeukia. "Umekula?"

Hivyo ndivyo watu wa huku wanavyosalimiana, hata mgeni. Nikapewa wali na supu. Nikapewa mkeka katika chumba cha mbele, wanapolala wageni. Nililala pale nikasikia dada analia jikoni na mama anamwambia, "Mwache alale. Ametoka mbali, hata awe nani."

Mina, unanijua, mimi si mtu wa maneno hata ninayoyajua. Na hapa mambo yamegeuka: huko kwenu walinicheka nikiweka kitendo mwishoni, hapa wananicheka naweka katikati. Mwenye duka la sigara ananiita "Bwana Indonesia". Nilikaa siku kadhaa kama kivuli, nateka maji, napasua kuni. Mama anafuata kwa masikio. Siku moja nikasema mvua imepungua, naye akafunga macho kwa uchungu.

"Sikiliza, mtu wewe," akaniambia. "Sijui ulikotoka, lakini unaniumiza masikio. Njoo uketi hapa."

Akaanza kunifundisha. Ludia, wewe ni mwalimu, ungependa kumwona. Anachukua kitu, ananiwekea mkononi, anakitaja. Ndoo. Chumvi. Ufagio. Ananishika koo kwa vidole viwili ili ajue sauti imepanda au imedanganya. Nikikosea anasema "Tena." Nikipata hasemi kitu, anachukua kitu kingine. Asubuhi yote inakwisha hivyo, na mvua inadondoka, na mimi mwenye mvi nimeketi mkekani naambiwa hiki ni kijiko. Wakati mwingine neno halitoki kwake, linatoka chini ya sakafu, linapanda ndani yangu lenyewe na harufu yake. Alinipa kitunguu nikasema jina lake kabla hajasema. Akakipapasa mkononi mwangu. Halafu akanipa kingine.

Habari za karatasi msiogope tena. Hapa wamenikubali kuwa mtu wa hapa. Majirani wanne wameapa, na mwenye duka la sigara ni mmojawapo. Pasipoti nimeishika mkononi jana, ina picha yangu nimetoa macho. Mina, ile barua uliyompelekea yule karani kijana, kwamba mimi ni mumeo na tuna binti, imefanya kazi. Wamenigongea muhuri wa kuja kwenu. Mvua zikiisha napanda meli. Ludia, nakuandikia "kita", sasa najua linaandikwaje. Dada anasema mwakani na ninyi mje, ukuta ule utavunjwa tena, fundi ameanza kutucheka.

Sasa niwaambie la leo asubuhi, halafu nifunge, maana ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Dada alikuwa anakwenda sokoni. Ameshashuka ngazi, ameshafika barabarani, mama akasikia mvua inaanza na mwavuli bado umeegemea mlango. Akaniambia, "Mwite dada yako. Mwambie njoo."

Nikatoka mlangoni nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote. Njoo kwa Kiburma ni "la", unaivuta chini taratibu. Mimi kwa haraka niliikata ghafla, na ukiikata hivyo ni mwezi. Basi nimesimama mlangoni, mtu mzima, namwita dada yangu kwenye mvua: "Mwezi! Mwezi!"

Wauza mboga walikufa kwa kicheko. Mimi mwenyewe nikacheka. Nikageuka, na mama alikuwa amesimama. Hasimami bila kushikwa, lakini alikuwa amesimama, majani ya chai yamemwagika miguuni pake. Alikuja akipapasa ukuta, akanifikia, akanipapasa uso mpaka akalipata sikio langu, akalivuta kwa nguvu.

"We mtoto!" akasema. "We mtoto, mara ngapi? Kila anayetoka mlango huu unamwita mwezi, kila anayetoka! Nikakufundisha mpaka nikachoka, mpaka baba yako akasema niache, utaacha mwenyewe ukikua. Umekua! Angalia ulivyokua, na bado!"

Hakuliachia sikio. Alilivuta mpaka kichwa changu kikafika begani pake, akaanza kunipiga mgongoni kwa kiganja, polepole kwanza, kisha kwa nguvu, huku akirudia neno sahihi, njoo, njoo, njoo, na mimi nikilifuata. Dada alikuwa amesimama katikati ya barabara, analowa, kapu kichwani, anatutazama. Hakuna aliyempelekea mwavuli.

Wenu,
Nyein